Kumi na Nne, Mlalo

Jumamosi, ukungu wa Newala bado umelala barabarani.
Likungwa anasogeza sare za shule kwenye meza ya kukatia
na kutandaza karatasi ya Somoe.
Ni mgongo wa fomu ya ghala: upande mmoja kilo, unyevu, daraja;
upande wa pili visanduku vya rula,
silabi moja, kisanduku kimoja,
na vile vyeusi kavisugua kalamu hadi karatasi ikatoboka.

Juu kaandika jina la fumbo: WENYEWE.
Chini yake: "Dhamira yake mtaiona wenyewe."
Katuambia mara mbili, na mara zote mbili hatukusikia.

Yeye hasemi. Karani wa mizani,
wiki nzima anawasomea watu uzito wa jasho lao;
leo kakalia gunia la vipande vya vitambaa,
anamenya ming'oko, anatutazama tunavyoungua.

Tulianza vizuri.
"Shida, ifanye ndogo, kisha ibebe kwapani."
Nesi Mkwanda, macho mekundu ya zamu ya usiku:
"Shida ni tabu. Tabu ndogo... kitabu!"
Mimi mwalimu nilikuwa nacho kwapani.
Sikukiona.

"Mali, ikirudi nyuma, ni amri kwa mwenye jembe."
Hii nikaikamata mimi: mali, lima,
kile kinyume chetu cha utotoni
tulichowafichia mama zetu, na mama zetu wakikijua.

"Moja huponya, moja huvisha, ya tatu hupikwa."
Nesi akamtazama fundi, fundi akamtazama nesi,
wakasema pamoja: sindano!
Na mchele wa sindano, tukakumbuka, tukameza mate.

Kisha kumi na nne, mlalo. Visanduku vitatu.
"Choroko za kibogoyo, zikirudi nyuma, hulipa ada."

Saa nzima. Saa ya pili.
"Mkopo," nikasema, maana ndio unaonilipia mimi.
Somoe akatikisa kichwa: katikati kuna *ro*,
imeshuka kutoka kwenye *roho*, na roho haifutiki.
Mkwanda akaandika choroko mara sita pembeni,
akaigeuza, akaikata, akaitukana kwa Kimakonde.
Mteja aliyekuja kuchukua suruali
akasimama kusaidia, akaenda zake bila suruali.

Njaa ikatushinda kabla ya fumbo.
Likungwa, aliyeacha meno manne ya mbele
kwenye mteremko wa Kitangari pamoja na baiskeli,
akamwita mtoto wa jirani:
"Kalete wali, sahani nne. Na shoroko."

Mkwanda akaweka kalamu chini taratibu.
"Rudia."
"Nini?"
"Ulichoagiza."
"Shoroko."

Sho. Ro. Ko.
Hakuna aliyepumua.
Ko.
Ro.
Sho.

Nilidhani atakasirika.
Yeye ndiye aliyecheka kwanza, kinywa wazi,
bila ule mkono anaouwekaga mdomoni tangu ajali.
"Umenishona kwenye fumbo, Somoe!
Na hata kunipima hujanipima!"
Mtoto kasimama mlangoni na hela mkononi,
anauliza: sasa choroko, au hamtaki?

Ndipo tukarudi juu, polepole, kama wanaosoma barua.
Kitabu, changu. Sindano, zao wawili.
Korosho, za ghala lake, na za ada za watoto wa darasa langu.
Wenyewe.
Somoe akaomba chumvi ya ming'oko.

Mchana ulikuwa umekwisha. Nesi akatafuta kandambili zake,
mimi nikafunga kitabu.
"Bado kimoja," akasema Somoe, "pale pembeni, silabi mbili:
*La moto huunguza. Wa matopeni hubana.
Nikikuambia wewe, huondoki.*"

Mkwanda akavua kandambili.
Likungwa akawasha taa.
Hakuna aliyeandika jibu kwanza.
Tulilitii tu.